Jinsi ya kurekebisha ovalei ya sintetiki kwenye data za mitetemo bila kujidanganya (mfano: F3 kwenye OpendTect)

Kama unafanya tafsiri ya data za mitetemo hii hali unaijua, umepakia kisima, umetengeneza sintetiki, umeiwasha juu ya seksheni, yaani picha ya mkato wa data (hiyo ndo ovalei), alafu imekaa tu pale vilele vyake haviendani na chochote, na mkono unakuwasha uishike uivute mpaka ilingane. Subiri kwanza. Programu zote za siku hizi zitakuruhusu kuivuta utakavyo na zitakupa namba nzuri ya ulinganifu mwishoni, ila kila unapovuta unakuwa unasema kwamba mwamba wa pale chini una kasi tofauti na ile iliyopimwa kisimani, na hilo ni dai zito, inabidi uwe na sababu nalo. Kwa hiyo mwongozo huu sehemu kubwa ni mambo ya kufanya KABLA ya kuvuta, kuvuta kwenyewe ni kazi ndogo tu ya mwisho.

Kwa asiyejua kabisa: kisima kimepimwa kwa mita, data za mitetemo zimepimwa kwa milisekunde za kwenda na kurudi, yaani muda wa wimbi kushuka, kugonga tabaka na kurudi juu. Sintetiki ni tresi (mstari mmoja wa mawimbi) ya kubuni inayotengenezwa kutoka kwenye logi za kisima, yaani soniki (muda wa sauti kupita kwenye mwamba) na densiti (uzito wa mwamba kwa ujazo), ili ionekane kama tresi ambayo mitetemo ingeirekodi pale pale kisimani. Ukiiweka juu ya data halisi na ikalingana, basi unajua tabaka lako la mita 900 ni kilele kipi au bonde lipi kwenye seksheni. Ndo maana inaitwa kufunga kisima na mitetemo. Ukifunga vibaya kila horaizoni (mstari wa kufuata tabaka) utakayochora baada ya hapo itakuwa kwenye tabaka la jirani, na ramani yako ya kina itakuwa na makosa ambayo hakuna atakayeyaona mpaka siku ya kuchimba.

Nitatumia F3 maana ni data za bure, mtu yeyote anazipakua na kufuata huku anasoma. F3 ni kitalu cha Bahari ya Kaskazini upande wa Uholanzi, mitetemo yake ilipigwa 1987, eneo ni kama kilomita 16 kwa 24, laini zimepishana mita 25 na sampuli ni kila milisekunde 4. Kwenye kifurushi cha mazoezi kuna visima vinne, F02-1, F03-2, F03-4 na F06-1. Programu ni OpendTect ya dGB Earth Sciences. Ukiwa na Petrel au Kingdom majina ya vitufe yatabadilika ila mantiki ni ile ile kabisa, kwa hiyo sitakaa sana kwenye majina ya vitufe.

Hatua ya 1: Angalia logi kabla hujaangalia picha

Fungua logi ya soniki na uisome kwa macho yako. Swali la kwanza ni uniti. Soniki inaandikwa kwa maikrosekunde kwa futi au maikrosekunde kwa mita, na programu ikidhani moja wakati ni nyingine utapata kasi za ajabu. Hesabu ya haraka ni hii, kasi kwa mita kwa sekunde = 304,800 gawanya kwa soniki ya kwa futi. Kwa mfano soniki ya 152 inakupa mita 2,005 kwa sekunde, hiyo ni kawaida kwa mashapo machanga ya F3, maana sehemu ya juu pale ni mashapo ya delta ya miaka milioni chache tu, bado yana vinyweleo vingi, hayajakazwa. Ukiona kasi za 6,000 karibu na juu kabisa usianze kufikiria jiolojia, angalia uniti. Na ukiona soniki imekaa bapa kwenye 57 hivi kwa futi bila kucheza, hapo kipimo kinasoma bomba la chuma la kesingi na sio mwamba, ikate hiyo sehemu. Upande mwingine, 189 au juu ya hapo ni kasi ya maji ya kisimani, kifaa kimekosa mwamba kikasoma tope.

Densiti nayo iangalie pamoja na kalipa, kipimo cha upana wa kisima. Pale ambapo kisima kimemomonyoka kikawa kipana, densiti inashuka hovyo maana kifaa kinasoma tope la kuchimbia, alafu sintetiki inakutengenezea kilele na bonde ambavyo havipo duniani. Utavitafuta kwenye seksheni mpaka jioni. Sehemu kama hizo ni bora uzisawazishe kwa thamani ya mwamba ulio juu na chini yake kuliko kuziacha.

Kwenye F3 kuna kitu wengi wanapitwa nacho. Visima vyote vinne vina soniki na gama (mionzi ya asili ya mwamba), lakini densiti iliyopimwa kweli ipo F02-1 na F03-2 tu. Ile ya F03-4 na F06-1 ilikisiwa kwa mtandao wa neva uliofunzwa na hivyo visima viwili vya kwanza. Maana yake ukianza mazoezi na F03-4 alafu sehemu fulani ikagoma, hujui kama tatizo ni muda au ni densiti ya kukisia. Mimi ningekushauri uanze na F02-1 au F03-2, ukishapata weivuleti nzuri (umbo la wimbi linalotumika kutengeneza sintetiki) hapo ndo uende kwenye vingine.

Hatua ya 2: Panga sifuri zako

Hapa ndo makosa mengi ya ovalei yanazaliwa, na watu wanakuja kuyatibu kwa kuvuta.

Kina cha logi kinaanza kuhesabiwa kwenye KB, yaani meza ya mtambo wa kuchimba ambayo iko juu ya usawa wa bahari, wakati mitetemo inaanza sifuri yake kwenye datamu, ambayo baharini kwa kawaida ni usawa wa bahari wenyewe. Mtambo ukiwa na KB ya mita 30 na wewe umeacha hiyo sehemu wazi au umeandika sifuri, tabaka zako zote zimeshuka mita 30. Kwa kasi ya 2,000 hizo ni milisekunde 30 za kwenda na kurudi, na kwenye data za masafa ya hezi 30 hiyo ni karibu wimbi zima. Sa unaelewa kwa nini sintetiki inaweza kuonekana "karibu ilingane" lakini kwenye kilele cha chini yake. Kabla ya chochote fungua taarifa za kisima, soma KB, soma datamu, linganisha na kichwa cha ripoti ya kisima.

Kisima kikiwa kimechimbwa kwa kupinda kuna jingine. Urefu unaopimwa ukifuata kisima sio kina cha wima. Kisima kilichoinama digrii 30 tangu juu, mita 2,000 za kufuata kisima ni mita 1,732 tu za wima, tofauti ya mita 268. Kama njia ya kisima haijapakiwa programu itachukulia kimesimama wima na ovalei itakuwa mahali pasipo pake kwa kina na kwa ramani pia.

Alafu chekishoti. Hii ni jozi ya kina na muda iliyopimwa kweli, chanzo cha mlipuko juu na kipokezi ndani ya kisima. Kama unayo ndo mzee wa nyumba, soniki inamfuata yeye na sio yeye kuifuata soniki. Sababu ni kwamba soniki inapima kwa masafa ya maelfu ya hezi wakati mitetemo ni makumi ya hezi, na mwamba hupitisha masafa ya juu haraka kidogo, kwa hiyo ukijumlisha soniki peke yake kutoka juu mpaka chini mara nyingi unapata muda mfupi kuliko wa kweli, na kosa linaongezeka kadri unavyoshuka. Sintetiki ya soniki tupu kwa kawaida inakaa juu kidogo ya mahali pake na inahitaji kunyooshwa kwenda chini. Ukijikuta unafanya kinyume, unaibana sana kwenda juu, simama ujiulize.

Pia soniki haianzi sifuri. Inaanza labda mita 300 au zaidi chini, juu yake hakuna kipimo, programu inajaza pengo kwa kasi fulani ya kudhania. Hiyo kasi inasogeza sintetiki nzima. Kwa wanaofanya kazi na bahari yetu hili ni kubwa kuliko Uholanzi, maana kwenye Kitalu 2 cha Tanzania pale Statoil, siku hizi Equinor, walipopata gesi ya Zafarani 2012, maji peke yake ni zaidi ya mita 2,500. Piga hesabu, mita 2,500 kwa kasi ya maji ya 1,500 ni milisekunde 3,333 za kwenda na kurudi, ukitumia 1,480 zinakuwa 3,378. Umechagua tu kasi ya maji na tayari umesogea milisekunde 45! Kwa hiyo kwenye maji marefu soma muda wa sakafu ya bahari moja kwa moja kwenye seksheni, ufunge hapo kwanza, alafu ndo uhangaike na vya chini.

Mwisho wa hatua hii hakikisha programu inatumia jedwali lipi la muda na kina. Kisima kimoja kinaweza kuwa na majedwali matatu, la chekishoti, la soniki, na lile alilotengeneza mtu aliyekutangulia. Ovalei inafuata lile lililo hai na sio lile unalodhani. Mara nyingi ukisikia mtu analalamika "nimerekebisha ila kwenye seksheni haijabadilika" tatizo ni hilo.

Hatua ya 3: Polariti na weivuleti

Impidansi ni kasi mara densiti, na kila inapobadilika unapata mwakisi, yaani sehemu ya wimbi inarudi juu. Tuchukue mwamba-tope wenye kasi 2,200 na densiti 2.15, impidansi 4,730, chini yake tabaka lenye 2,600 na 2.25, impidansi 5,850. Tofauti ni 1,120, jumla ni 10,580, ukigawanya unapata mwakisi wa 0.106 chanya. Sasa swali, chanya hii kwenye data zako ni kilele au ni bonde? Hiyo ndo polariti. Kuna desturi mbili, ile ya SEG inayosema impidansi ikipanda iwe kilele, na ile inayozoeleka zaidi Ulaya inayogeuza iwe bonde. Usikubali maneno ya kichwa cha faili peke yake, tafuta mwakisi unaoujua. Sakafu ya bahari ni nzuri kama imerekodiwa vizuri, maana kutoka maji kwenda mashapo impidansi inapanda. Kama haionekani vizuri tafuta tabaka gumu linalojitokeza wazi kwenye logi alafu ulifuate kwenye seksheni.

Polariti ikiwa imegeuka, sintetiki italingana vizuri sana ukiisogeza nusu ya wimbi. Ndo hatari yake. Kwa hezi 30 wimbi ni milisekunde 33, nusu yake ni 16 au 17. Ukiona kwamba kusogeza 16 kunatibu kila kitu geuza polariti kwanza ujaribu upya bila kusogeza.

Weivuleti anza na Ricker ya kawaida, weivuleti ya kubuni yenye kilele kimoja kikubwa katikati. Usikisie masafa, toa spektra ya data (nguvu iliyopo kwenye kila masafa) kwenye dirisha la muda unalolihitaji, karibu na kisima, alafu chagua Ricker ambayo kilele chake kinaendana na hapo, mara nyingi ni kati ya 25 na 40. Ukiweka Ricker ya 60 sintetiki itakuwa na vilele vyembamba vingi ambavyo data haina, ukiweka ya 15 itakuwa mabonge mawili matatu yanayolingana na chochote. Na kumbuka uwezo wa data wenyewe, kwa kasi ya 2,400 na hezi 30 urefu wa wimbi ni mita 80, robo yake mita 20, kwa hiyo tabaka la mita 5 lililoko kwenye logi usitegemee kuliona likiwa na kilele chake binafsi.

Baada ya kupata mfungo wa awali unaoridhisha ndo unatoa weivuleti kutoka kwenye data zenyewe, OpendTect inafanya hivyo ndani ya dirisha la kufunga kisima. Ukiitoa kabla, yaani wakati sintetiki bado iko vibaya, programu itatengeneza weivuleti iliyopinda ili kufunika kosa lako la muda. Utaijua kwa sura, kilele chake kikubwa hakiko katikati na mikia yake haifi.

Kuhusu hiyo katikati, weivuleti iliyopakiwa kutoka faili lingine wakati mwingine sifuri yake imewekwa kwenye sampuli ya kwanza badala ya ya katikati. Weivuleti ya milisekunde 128 itashusha sintetiki nzima kwa 64. Ukikuta tatizo ni la kusogea sawasawa juu mpaka chini na namba yake ni nusu ya urefu wa weivuleti, jibu unalo.

Hatua ya 4: Ipe ovalei sura ya kusomeka

Hii ni rahisi ila inabadilisha kila kitu maana jicho ndo litaamua.

Data ziweke kwa rangi ya kijivu, sintetiki iwe mawimbi ya mstari yenye kujazwa upande wa chanya. Rudia tresi ile ile mara tano au saba kwa kubanana, tresi moja nyembamba jicho haliisomi kama tabaka. Kama programu inaruhusu, kata seksheni pale kisimani na uweke sintetiki katikati, data kushoto na kulia, hiyo ni bora kuliko kuifunika juu kwa juu maana ukifunika huoni kilicho chini.

Kipimo cha ukubwa sasa. Sintetiki inatoka na namba ndogo ndogo za sifuri nukta kitu, data zako zinaweza kuwa na maelfu. Ukionyesha zote kwa kipimo kimoja sintetiki itakuwa mstari ulionyooka kama haipo, watu wanadhani imeharibika. Ipe geini (kiwango cha kukuza) yake yenyewe, au waambie wote wawili walinganishwe kwa wastani wa nguvu kwenye dirisha lile lile. Usiongeze mpaka vilele vikakatwa vichwa, maana unataka kuona kilele kipi ni kikubwa kuliko kingine, mpangilio wa nguvu ndo unakwambia kama umefunga kwenye tabaka sahihi. Na usipitishe data kwenye AGC kabla ya kulinganisha, inasawazisha nguvu zote na kukuondolea ushahidi huo huo.

Hakikisha upande unaojazwa ni ule ule kwa sintetiki na data. Unashangaa? Kwenye baadhi ya programu mpangilio wa ovalei unajitegemea, data zinajazwa chanya na ovalei inajazwa hasi kwa sababu mtu aliigusa mwezi uliopita.

Hatua ya 5: Sogeza yote pamoja, kidogo

Sasa ndo unaruhusiwa kuigusa. Anza na kusogeza nzima juu au chini bila kubadilisha umbo lake. Usiangalie kilele kimoja, angalia kundi, kwa mfano kwenye F3 kuna sehemu tulivu halafu inafuata ile sehemu ya delta yenye miakisi iliyoinama, tafuta mpangilio wa vilele vitatu vinne vyenye nguvu na nafasi zinazofanana na sintetiki.

Tatizo kubwa hapa ni kuruka wimbi. Vilele vinafanana, ukisogeza milisekunde 33 chini kila kilele kinakuta kilele kingine na picha inaonekana safi tu, kama shati lililofungwa vifungo vikiwa vimepishana kimoja, mpaka ufike chini kabisa ndo unaona kuna kifungo hakina tundu. Kwa hiyo angalia mwanzo na mwisho wa logi, sio katikati peke yake. Kama chekishoti ni nzuri na KB iko sawa, kusogeza kunakohitajika kunapaswa kuwa milisekunde chache tu. Ukihitaji 40 rudi hatua ya 2, usiendelee.

Kwenye OpendTect unachagua tukio kwenye sintetiki, unachagua linalolingana nalo kwenye data, alafu unaiambia itekeleze. Ukichagua jozi moja tu inasogeza, ukichagua zaidi ya moja inaanza kuvuta na kubana katikati yake. Kwa hatua hii weka jozi moja, ile unayoiamini kuliko zote.

Hatua ya 6: Vuta na bana, na hesabu kila mara

Hapa nitakaa kidogo.

Chukua alama mbili za tabaka zilizo mita 100 kwa wima, na kwenye sintetiki ziko milisekunde 84 mbali. Kasi ya katikati ni mara mbili ya 100 gawanya kwa 0.084, unapata 2,381. Sasa unaona ile ya chini ingelingana vizuri kama ungeivuta milisekunde 10. Inakuwa 94, kasi inashuka mpaka 2,128. Angalia logi ya soniki sehemu hiyo, inasemaje? Kama wastani wake ni 2,380 na imenyooka bila kumomonyoka kisima, wewe unadai kifaa kimekosea kwa zaidi ya asilimia 10. Sasa badala ya kuvuta ungebana milisekunde 20 ibaki 64, kasi ni 3,125. Kwenye mashapo machanga ya delta? Hapana. Hiyo sio marekebisho ni hadithi.

Kwa hiyo kila baada ya kuweka jozi fungua mchoro wa kasi, iwe ya kabla na ya baada imelazwa pamoja. OpendTect inakuonyesha jinsi jedwali lilivyobadilika, Petrel nayo inachora kasi za vipande. Unatafuta meno ya msumeno: kasi inapanda ghafla kipande kimoja na kushuka kipande kinachofuata. Meno hayo mara nyingi yanatokana na mtu kulazimisha kilele kimoja kiingie mahali, kwa hiyo anabana juu yake na kuvuta chini yake. Futa jozi ya katikati.

Idadi ya jozi iwe ndogo kadri inavyowezekana. Mimi naona kisima cha kilomita moja ya logi kikihitaji zaidi ya jozi tatu nne basi kuna kitu hakijakaa sawa huko nyuma. Weka jozi kwenye miakisi mikubwa yenye sababu ya kijiolojia, iliyo na alama ya tabaka, usiweke kwenye vijivilele vya katikati.

Ziko sababu halali za kuvuta. Moja ni ile ya soniki kuwa na haraka kuliko mitetemo, ambayo inatoa mvuto laini unaoongezeka pole pole. Nyingine ni gesi. F3 ina dalili za gesi ya juu juu na inaonekana kama miakisi iliyong'aa. Gesi inapunguza kasi ya mwamba sana, lakini soniki inasoma karibu na ukuta wa kisima ambapo maji ya tope la kuchimbia yameshaisukuma gesi pembeni, kwa hiyo logi inaona maji na mitetemo inaona gesi. Hapo sintetiki inaweza kuwa dhaifu kuliko data na muda ukatofautiana, na hakuna kuvuta kutakakorudisha nguvu ya mwakisi, inabidi urekebishe logi kwa kubadilisha umajimaji ndani ya mwamba, kazi nyingine hiyo.

Hatua ya 7: Namba ya ulinganifu na fezi

Sasa angalia korilesheni. Dirisha liwe refu, milisekunde 500 au zaidi kama logi inaruhusu. Kwenye dirisha la 100 kuna mawimbi matatu tu ya hezi 30 na mawimbi matatu yanalingana na mawimbi matatu yoyote, utapata 0.9 ya bure. Watu wanapenda kusema 0.7 ni nzuri, sawa, ila 0.6 ya dirisha refu bila kuvuta naiheshimu kuliko 0.85 ya jozi tisa.

Angalia pia kilele cha korilesheni kiko kwenye muda gani. Kikiwa sifuri umekaa. Kikiwa pembeni kwa milisekunde 4 hiyo ni sampuli moja, sogeza. Vikiwa vilele viwili vyenye urefu unaokaribiana vimepishana wimbi moja, hapo una uwezekano wa kuwa umeruka wimbi na namba peke yake haitakuamulia, rudi kwenye alama za tabaka.

Fezi, yaani umbo la wimbi linavyozungushwa kwa digrii, izungushe mwisho kabisa na kwa namba moja kwa kisima kizima. Digrii 20 au 30 ni kawaida, data hazitoki kwenye uchakataji zikiwa na fezi sifuri kamili. Ikitaka 180 ni polariti. Ikitaka 90 mimi nashtuka, nawauliza waliochakata kabla ya kukubali.

Alafu usilinganishe na tresi moja tu ya pale kisimani. Mitetemo imehamishwa kwa hesabu ili miakisi ikae mahali pake na inaweza kuwa imekosea kwa mita kadhaa, pitia tresi za jirani kila upande, kwa F3 kila hatua ni mita 25. Ukikuta ulinganifu unapanda polepole na kufikia juu tresi mbili tatu pembeni, hiyo ina maana. Ukikuta unaruka ruka, tresi hii 0.7 inayofuata 0.3, unalinganisha kelele.

Hatua ya 8: Hifadhi kwa jina linaloeleweka

Usiandike juu ya chekishoti, kamwe. Hifadhi jedwali jipya lenye jina la kisima, toleo na weivuleti uliyotumia, na andika kwenye maelezo umesogeza milisekunde ngapi na umeweka jozi ngapi wapi. Mtu wa baada yako, au wewe mwenyewe baada ya miezi sita, atataka kujua.

Kisha chukua weivuleti ile ile ya F02-1 uipeleke F03-2 bila kuigusa. Data ni moja, uchakataji ni mmoja, kwa hiyo weivuleti haipaswi kubadilika sana kwa kina kile kile. Ikifanya kazi huko nenda F03-4 na F06-1 ukikumbuka ile densiti ya kukisia. Kisima kimoja kikidai fezi yake tofauti kabisa na wenzake usimpe, anza naye upya na uniti za soniki na KB.